Mfumo Umesema: Nani Aliyeandika Hesabu ya Ziwa?

Katika ofisi zetu kuna mkubwa mmoja ambaye hajawahi kuapishwa, hana nafasi katika muundo wa utumishi, wala hajawahi kuitwa mbele ya kamati yoyote kujieleza. Jina lake ni Mfumo. Mfumo umekataa. Mfumo haujakusoma. Mfumo umetoa asilimia hiyo, rudi mwakani. Mwananchi akiuliza sababu, mtumishi aliye dirishani hufungua viganja vyake viwili kwa unyenyekevu, kana kwamba na yeye ni mhanga. Huenda ni kweli.

Ninafundisha mbinu za utafiti katika chuo kikuu, na kila mwaka hukaa na wanafunzi wanaoandika tasnifu zao. Katika kila kikao huuliza swali moja: namba hii imetoka wapi? Jibu ninalolipata mara nyingi ni lilelile la dirishani: "Mwalimu, kompyuta imetoa." Miaka ya kulisikia jibu hilo imenifikisha kwenye imani kwamba hili si suala la darasani peke yake. Ni suala la utawala. Kwa kuwa ninaishi Mwanza, nitalieleza kwa kutumia kitu ambacho kila mkazi wa hapa anakiona akiamka: Ziwa Victoria.

Tuanze na msingi. Wanahisabati wana kitu wanachokiita fankisheni: kanuni inayopokea kitu, ikakitendea kazi inayojulikana, kisha ikarudisha tokeo moja. Mashine ya kusaga pale Igoma ni fankisheni. Ukitia mahindi unapata unga. Ukitia mahindi ya namna ileile kesho, unapata unga wa namna ileile. Programu za kukokotoa hisabati, kama MATLAB, Octave na R, ni maghala ya mashine za aina hiyo. Mtumiaji huandika jina la fankisheni, akaipa takwimu, akasubiri tokeo.

Wengi hawajui kwamba mashine hizo hazijitoshelezi. Kama kinu kinavyovuta umeme kutoka nje, fankisheni nazo huita programu nyingine zilizo nje yao. Hata kuzaliwa kwa programu hizi kulitokana na haja hiyo ya kuunganisha. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Cleve Moler wa Chuo Kikuu cha New Mexico aliunda MATLAB ya kwanza ili wanafunzi wake waweze kutumia maktaba mbili za kukokotoa, LINPACK na EISPACK, bila kulazimika kuandika lugha ya Fortran. Huko Bell Labs, John Chambers na wenzake walianza mwaka 1976 kuunda lugha ya S kwa sababu inayofanana na hiyo. Kutokana na S, Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Auckland, New Zealand, wakaunda R katika miaka ya 1990 na kuitoa bure kwa ulimwengu.

Kwa hiyo mwanafunzi aliyeketi Malimbe anapoandika herufi mbili tu za amri ya "lm" katika R ili kupima uhusiano wa bei ya dagaa na msimu wa mwezi, amri hiyo hupitia msimbo wa lugha ya C, nao ukaita msimbo wa Fortran uliotokana na LINPACK, kazi ya Wamarekani wa miaka ya 1970. Hakuna ubaya wowote hapo. Elimu yote ni mkopo wa waliotangulia. Tofauti ni kwamba katika R mlango huo unaweza kufunguliwa: mwenye subira ataufuata uzi kutoka Malimbe hadi kwenye mstari wa mwisho wa Fortran. Katika programu nyingine, ukifika mlango wa pili unakuta kufuli na bei ya leseni.

Kiungo chenyewe nacho kina hatari zake. Fortran hupanga namba za jedwali safu wima kwa safu wima. C huzipanga mstari kwa mstari. Mtu akiunganisha programu mbili bila kulijua hilo, jedwali la mraba hupinduka likiwa njiani, na hesabu huendelea kama kawaida. Hakuna onyo wala taa nyekundu. Tokeo hutoka likiwa na desimali zake nadhifu, na uongo wenye desimali una heshima kubwa katika ofisi zetu.

Sasa twende ziwani.

Maji ya Ziwa Victoria yana mlango mmoja wa kutokea: Jinja, Uganda, mahali Mto Nile unapoanzia safari. Zamani mlango huo ulikuwa mwamba wa asili, maporomoko ya Ripon. Waingereza walipojenga bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, mwamba uliondolewa na binadamu akashika ufunguo. Misri, ambayo uhai wake ni Nile, ilitaka uhakika. Makubaliano yakawa kwamba bwawa liachie maji kwa kiasi kilekile ambacho maumbile yangeachia. Lakini maumbile yangeachia kiasi gani? Ndipo vipimo vya miaka ya nyuma vya kimo cha ziwa na mkondo wa maji vilipokusanywa, vikachorewa mstari mmoja. Mstari huo unaitwa Mkunjo wa Makubaliano. Ni fankisheni: unaingiza kimo cha ziwa, unapata mkondo.

Wanahaidrolojia huuandika kwa fomula fupi. Chukua kimo cha maji kwa mita katika kipimio cha Jinja, toa 7.96, inua kwa kipeo cha 2.01, kisha zidisha kwa 66.3. Tokeo ni mita za ujazo kwa sekunde. Kimo kikiwa mita 11, jibu ni takribani 620. Kikiwa mita 12, jibu ni takribani 1,100. Kijana wa kidato cha nne mwenye kikokotoo anaweza kuihakiki. Katika Octave au R ni mstari mmoja.

Ninaipenda fomula hii na ninaitilia shaka kwa wakati mmoja. Ninaipenda kwa sababu iko wazi. Ninaitilia shaka kwa sababu ya historia yake. Waliokaa mezani walikuwa Uingereza na Misri. Tanganyika, ambayo leo ikiwa Tanzania Bara inamiliki takribani nusu ya ziwa, haikuwa na kiti chake. Tena, fankisheni inajua tu yale iliyofundishwa. Kati ya mwaka 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa takribani mita 2.5, na ikabidi mstari urefushwe kupita vimo ambavyo vipimo vyake vilikuwapo. Maumbile yalitoka nje ya ukurasa.

Mwalimu Nyerere alielewa jambo hili mapema. Mwaka 1962 serikali yake iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba Tanganyika haifungwi na mkataba wa maji ya Nile wa mwaka 1929. Mkataba nao ni fankisheni ya aina yake: matakwa yanaingia upande mmoja, haki zinatoka upande mwingine. Alichouliza Mwalimu kilikuwa nani aliyeiandika. Bila ujasiri ule, mradi uliochukua maji Ihelele, hapa mkoani Mwanza, na kuyafikisha Kahama na Shinyanga ungekuwa ombi la ruhusa badala ya kuwa haki.

Jaribio kubwa la fomula ya Jinja lilikuja miaka 40 baadaye. Uganda ilikuwa imeongeza kituo cha pili cha umeme, Kiira, kando ya kile cha kwanza kinachoitwa sasa Nalubaale. Kati ya mwaka 2004 na 2006 ukame ulibana na mahitaji ya umeme yakapanda. Ziwa lilishuka kwa karibu mita nzima. Waliokuwapo Mwanza wanakumbuka mawe yaliyojitokeza ambayo wazee tu ndio waliowahi kuyaona, na mitumbwi iliyolazimika kuvutwa umbali mrefu juu ya tope. Katika nchi zote tatu maelezo yaliyosikika sana yalikuwa ukame, mapenzi ya Mungu.

Februari 2006, mtaalamu wa haidrolojia Daniel Kull alichapisha uchambuzi uliolinganisha maji yaliyoachiwa na yale ambayo Mkunjo wa Makubaliano ungeyaruhusu. Hitimisho lake lilikuwa kwamba zaidi ya nusu ya mshuko wa miaka ya 2004 na 2005 ulitokana na kuachia maji kupita kiasi, na sehemu iliyobaki ndiyo iliyotokana na ukame. Mabishano yalifuata, kama inavyostahili. Lakini tazama ni nini kilichoyawezesha. Fomula ilijulikana. Kimo cha ziwa kilipimwa Jinja, na tangu mwaka 1992 kilipimwa pia na setilaiti, na vipimo vya setilaiti vilitolewa bure. Mtu yeyote mwenye kompyuta ya kawaida angeweza kuuliza: kwa kimo hiki, ni maji kiasi gani yalipaswa kupita?

Funzo la kwanza ninalolipata hapo ni kwamba fankisheni ilifanya kazi yake vizuri. Ilitoa jibu sahihi kila siku. Kilichokatika ni kiungo kati ya jibu na lango la bwawa. Serikali zetu hupenda kununua mifumo ya kukokotoa. Hazipendi sana kufungwa na jibu lake. Funzo la pili ni zito zaidi: tulijua kwamba kiungo kimekatika kwa sababu tu fomula ilikuwa hadharani. Kama ingekuwa mali ya kampuni, imefungwa ndani ya programu yenye leseni, tungeendelea kuomba mvua. Na si haba: sentimita moja ya ziwa hili, lenye eneo la takribani kilomita za mraba 68,800, ni karibu mita za ujazo milioni 690.

Kutoka kwenye maji twende kwenye samaki, ambako mambo si mepesi namna hiyo.

Wingi wa sangara ziwani hukadiriwa, pamoja na njia nyingine, kwa mwangwi. Meli hutuma sauti chini, sauti hugonga samaki, mwangwi hurudi, na programu huubadili mwangwi kuwa tani. Ndani ya programu hiyo kuna fankisheni inayohusianisha urefu wa samaki na nguvu ya mwangwi wake, na ndani ya fankisheni kuna namba isiyobadilika iliyotokana na majaribio. Ukiisogeza namba hiyo kwa desibeli 3 tu, makadirio ya tani huongezeka maradufu au hupungua nusu. Ziwa ni lilelile, samaki ni walewale. Kilichobadilika ni tarakimu moja katika mstari mmoja.

Sisemi kwamba wataalamu wetu wanakosea. Ninaowafahamu ni watu makini, na shirika la kikanda lenye makao Jinja limefanya kazi ya kulinganisha mbinu zao. Ninasema kwamba namba hizo hazibaki maabara. Zinashuka mwaloni. Mwaka 2018, wakati wa Operesheni Sangara, nyavu zilichomwa moto, watu walitozwa faini, na rula ilikuwa hakimu: sangara wa kati ya sentimita 50 na 85 ndiye aliyekuwa halali. Uvuvi haramu ni janga la kweli. Kokoro halibagui mtoto na mzazi. Lakini mvuvi anayetazama nyavu zake zikiungua ana haki ya kujua hesabu iliyomhukumu.

Mzee mmoja niliyezungumza naye katika mwalo wa Kirumba alinieleza hivi, akiwa anashona wavu bila kuinua macho: "Daktari, hiyo kompyuta yenu sina ugomvi nayo. Nami nina hesabu zangu, na mwanangu akiniuliza nampa. Ninyi nikiwauliza, mnanipa karatasi yenye mhuri." Nimesoma vitabu vingi juu ya uwajibikaji. Sijakutana na sentensi inayoieleza dhana hiyo vizuri zaidi.

Mhuri huo nimekutana nao mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilialikwa katika kikao cha ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, kusikiliza matokeo ya mshauri mwelekezi kuhusu tozo kwa wanawake wanaoanika dagaa. Jedwali lilikuwa zuri, lenye rangi. Mapato ya wastani ya mwanamke mmoja yalitajwa hadi senti. Niliuliza wastani huo ulikokotolewaje: je, siku za mbalamwezi, ambazo dagaa hawavuliwi kwa taa, zilihesabiwa? Je, msimu wa mvua, ambao dagaa huozea juani pasipo jua, uliingizwa? Nilijibiwa kwa adabu kwamba kielelezo ni mali ya mshauri na kwamba mfumo umekwisha kuzingatia yote. Kikao kikaendelea. Karibu na mlango waliketi wanawake wawili walioletwa kama wawakilishi wa wadau. Hakuna aliyewauliza kitu, ingawa ndani ya ukumbi ule wao peke yao ndio walioijua hesabu yenyewe kwa mikono.

Najua pingamizi litakalotolewa. Mwananchi wa kawaida hasomi msimbo. Kuuweka hadharani ni kumpa kipofu taa. Pingamizi hilo lina uzito, lakini halijakamilika. Si lazima kila mtu asome. Inatosha kwamba yeyote anayeweza asizuiwe. Mwaka 2010 wachumi wawili maarufu, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha makala iliyoonyesha kwamba nchi zenye deni linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa hukua kwa taabu. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliishika kama msahafu wa kubana matumizi. Mwaka 2013, Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alipewa jedwali lao la Excel na akagundua, pamoja na kasoro nyingine, kwamba fankisheni ya wastani ilikuwa imeziacha nje nchi tano. Hakuwa profesa. Alikuwa na zoezi la darasani na jedwali lililo wazi. Wanafunzi wangu wakiniuliza kwa nini ninawasumbua kwa mambo ya seli na mistari, huwaeleza habari hiyo.

Kwetu hapa jambo hili lina pembe ya kisheria. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa kwa namna iliyomtishia kwa jinai mtu atakayechapisha takwimu zinazopotosha zile rasmi. Mwaka 2019 ikarekebishwa tena na kitisho hicho kikapunguzwa. Tunayo pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Lakini taarifa ni nini? Tukiomba takwimu tunaweza kupewa jedwali. Nadra sana kuomba, na nadra zaidi kupewa, njia iliyozaa jedwali hilo. Namba bila njia yake ni hukumu isiyo na sababu, na jaji akitoa hukumu ya aina hiyo rufani hufunguliwa siku hiyohiyo.

Ninapendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Kwanza, kila ripoti ya umma inayofikia uamuzi kwa kukokotoa iambatanishe njia yake: fomula, namba zisizobadilika na chanzo chake, jina na toleo la programu, na orodha ya programu za nje zilizoitwa. Ni kurasa mbili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari; msimbo ndio daftari la zama hizi.

Pili, watumishi wa umma mnaoandaa mikataba, andikeni kifungu kimoja: serikali inayolipia kielelezo ipewe msimbo wake unaosomeka, pamoja na mafunzo ya kuuendesha. Halmashauri haikubali kujengewa shule isiyokabidhiwa funguo. Kwa nini ikubali hesabu isiyokabidhiwa funguo?

Tatu, vyuo vyetu viache kufumbia macho programu za kuibwa zinazozunguka katika flashi kutoka steshenari hadi steshenari. Zaidi ya kuvunja sheria, zinamzoeza kijana kukaa nje ya mlango uliofungwa. R na Octave ni bure, zinaendeshwa hata na kompyuta chakavu, na ndani yake mnaweza kuingia. Kijana aliyeandika fankisheni yake mwenyewe mara moja, akaiunganisha na programu ya nje na kuiona ikikosea, hatatishwa tena na neno "mfumo".

Mwezi Mei 2020 ziwa lilipanda hadi mita 13.42 kwa kipimio cha Jinja, likaifikia rekodi ya mwaka 1964, na mwaka 2024 likaivuka. Nyumba na mashamba ya kando yakaingia maji, mialo ikahama. Mabishano yalianza upya: mvua kiasi gani, lango kiasi gani. Safari hii baadhi ya wanafunzi wangu walikuja ofisini wakiwa na fomula ya Jinja kwenye kompyuta zao, wakiilisha vimo vya kila mwezi na kubishana wao kwa wao kuhusu kipeo cha 2.01. Mmoja alitaka kujua kama aliyechora mstari ule aliwahi kufika Mwanza. Nilimwambia hilo ni swali zuri la tasnifu. Ameshalianza.